Daftari la Matunzo ya Mama

Jumapili, 11 Januari 2026, Tacoma

Hesabu ya mwaka mzima imefika kutoka nyumba anakolelewa Mama. Ni karatasi moja tu: miezi kumi na miwili ya 2025, dola 5,400 kila mwezi, jumla dola 64,800. Nimeibandika kwenye ukurasa huu isije ikapotelea kwenye bahasha za bili.

Nyumba yenyewe ni ya kawaida, iko katikati ya mtaa, ina vyumba sita na wazee sita. Jimbo la Washington limeipa leseni ya kulea watu wasioweza kujihudumia. Mwenyewe ni mama wa Kikenya, na hiyo ndiyo sababu tuliichagua: asubuhi kuna uji, na anayemwamsha Mama humwamkia shikamoo kwanza kabla ya kumgusa.

Watu huuliza kwa nini serikali hailipi. Medicare, bima ya afya ya wazee, humlipia daktari na hospitali. Chumba na chakula cha mzee anayehitaji mtu wa kumwangalia kutwa kucha, hapana. Medicaid, msaada wa wasio na uwezo, ingeweza kusaidia, lakini inataka mali ya mzee isizidi dola 2,000, na nyumba ya Kisauni, Mombasa, iko kwa jina lake. Hata tukiiandikisha kwa jina la mtu mwingine leo, Medicaid huangalia mali iliyotolewa miaka mitano nyuma. Nyumba ile Mama aliijenga chumba kimoja kimoja kwa mshahara wa ualimu. Hatuiuzi yeye akiwa hai.

Kwa hiyo tunalipa sisi watatu: mimi, Kaka aliyeko Dallas, na mdogo wetu wa Minneapolis.

Jumamosi, 17 Januari

Nimekwenda kwa yule anayenitayarishia kodi kila mwaka. Nimemwekea karatasi ya dola 64,800 mezani. Ameiangalia akasema hiyo ni kodi ya chumba na chakula, wala si matibabu, kwa kuwa pale si hospitali. Nikamuuliza kama naweza kumwandika Mama kuwa mtegemezi wangu. Akasema haiwezekani, kwa sababu haishi nami.

Nimemshukuru, nikachukua bahasha yangu. Mimi ni muuguzi, si mhasibu, lakini najua mwanamke mwenye dimenshia hakupelekwa pale kupangishiwa chumba. Nitasoma mwenyewe.

Jumanne, 20 Januari

Nimetoka zamu ya usiku, sijalala. Nimesoma kijitabu nambari 502 cha IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kuanzia mwanzo, kalamu mkononi.

Nimeelewa hivi. Tangu sheria ya 1996, huduma za matunzo ya muda mrefu kwa mgonjwa asiyejiweza huhesabiwa pamoja na gharama za matibabu. Mzee huwa katika kundi hilo kwa njia mbili. Ya kwanza: kuna kazi sita za mwili, yaani kula, kwenda msalani, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuoga, kuvaa, na kujizuia haja. Akishindwa mbili kati ya hizo bila msaada mkubwa, kwa muda usiopungua siku 90, anaingia. Ya pili: akili imedhoofika kiasi kwamba lazima awe na mtu wa kumsimamia asije akadhurika. Njia moja inatosha.

Hata hivyo, hayo yawe yamethibitishwa na daktari, muuguzi aliyesajiliwa, au mfanyakazi wa ustawi wa jamii mwenye leseni, na kuwe na mpango wa huduma ulioandikwa. Kisha linakuja swali kubwa: mzee yuko pale kwa sababu gani hasa? Ikiwa ni kwa ajili ya matunzo ya kiafya, gharama yote inahesabiwa, chumba na chakula vikiwemo. Ikiwa alihamia kwa kupenda tu, apate majirani na apumzike kupika, inahesabiwa ile sehemu ya huduma ya kiafya peke yake.

Na kuhusu kuishi nami: mzazi halazimiki kuishi nyumba moja na mtoto wake. Imeandikwa wazi. Ni miaka mingapi watu wameambiwa hapana mbele ya meza kama ile, wakaondoka?

Jumapili, 25 Januari

Nimeshinda na Mama. Nimekwenda na zile kazi sita kichwani, na nimeona vibaya kumtazama hivyo, lakini nimemtazama.

Kula, anakula mwenyewe akiwekewa. Kutembea anatembea, polepole. Kuoga hawezi, akiachwa peke yake husimama chini ya maji na nguo, au hukataa kabisa kuingia. Kuvaa hawezi, leo nimemkuta amefunga leso juu ya koti, na kiatu kimoja hakipo. Mbili tayari. Na njia ya pili sina haja ya kuipima. Mwishoni mwa 2024, alipokuwa akikaa kwangu, aliacha jiko likiwaka nami niko kazini, akatoka kwenye mvua kutafuta matatu ya kwenda Kongowea. Jirani ndiye aliyemrudisha.

Leo amenijua. Ameniuliza Baba ametoka bandarini saa ngapi. Baba hayupo tangu 2006. Nimemwambia amechelewa kidogo, akaridhika.

Alifundisha darasa la kwanza karibu maisha yake yote ya kazi. Maelfu ya watoto wa Mombasa wameshika penseli mara ya kwanza mbele yake. Kuandika kwenye fomu kwamba hawezi kufunga vifungo vya nguo yake ni jambo zito kwangu. Lakini ni kweli, na ukweli huo ndio unaomlipia anayemfunga vifungo hivyo. Sitauficha kwa kumwonea haya.

Jumatano, 4 Februari

Nimempigia simu daktari wake kuomba barua. Karani wa pale, mwanamke makini sana, amenisaidia kuona jambo ambalo ningelipita: barua ya leo haiwezi kuushuhudia mwaka uliopita. Sheria inataka mgonjwa awe amethibitishwa ndani ya miezi 12 iliyotangulia huduma. Kwa hiyo ninachohitaji ni karatasi za zamani.

Alhamdulillahi, zipo. Muuguzi alimpima Mama Novemba 2024, siku alipoingia, akaandika kwamba hawezi kuoga wala kuvaa bila msaada na kwamba hafai kuachwa peke yake hata saa moja. Akampima tena Oktoba 2025. Daktari alitia saini zote mbili, na mpango wa huduma umeambatishwa. Ya kwanza inabeba miezi ya mwanzo ya mwaka, ya pili inabeba iliyobaki. Hakuna pengo katikati.

Nimeomba nakala za zote. Zikija nitazitia kwenye faili moja na risiti.

Jumapili, 15 Februari

Tumezungumza sisi watatu kwenye simu, kwa muda mrefu kuliko tulivyowahi kuzungumza tangu mazishi ya Baba.

Nilikuwa nimetayarisha jedwali. Matumizi yote ya Mama mwaka 2025 ni dola 71,000: nyumba 64,800, na 6,200 za dawa, miwani, nguo na mengineyo. Yeye mwenyewe ametoa 4,280, ndiyo pensheni yake ya shilingi 28,000 kwa mwezi na kodi ya vyumba vya Kisauni shilingi 18,000, zote zikibadilishwa kwa dola. Kaka ametoa 24,000. Mdogo wetu 13,200. Mimi 29,520.

Kwa asilimia: mimi 41.6, Kaka 33.8, mdogo wetu 18.6, Mama mwenyewe 6. Hakuna aliyevuka nusu. Kwa kawaida mtegemezi ni wa yule anayetoa zaidi ya nusu, na familia kama yetu ingekosa yote. Lakini kuna Fomu 2120, iliyotungwa kwa ajili ya watoto wanaochangiana. Wakichanga kwa pamoja zaidi ya nusu, mmoja wao anaweza kumwandika mzazi, mradi ametoa zaidi ya asilimia 10, na wenzake waliotoa zaidi ya asilimia 10 waweke saini kwamba hawatamwandika mwaka huo. Pato la Mama pia liko chini ya dola 5,200, ambazo ndizo kikomo cha 2025. Na Mama ni raia wa hapa. Masharti yote yametimia.

Kaka alinyamaza, kisha akasema haki ya mzazi haiandikiwi risiti. Alisema hakumpa Mama fedha ili Marekani imrudishie, na kwamba kusomeana nani ametoa ngapi ni kuharibu thawabu. Aliyasema kwa heshima. Ndivyo tulivyolelewa, mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue.

Aliyemjibu ni mdogo wetu, ambaye kwa kawaida huwa hasemi mbele yake. Alisema, "Kaka, mali bila daftari hupotea bila habari. Na mimi nataka daftari hili, kwa sababu miaka yote nimekuwa nikiona haya kwamba natoa kidogo."

Basi nikasoma mistari ambayo sikuwa nimepanga kuisoma. Mdogo wetu analipwa dola 52,000 kwa mwaka. Katika hizo, 13,200 zimekwenda kwa Mama. Ni zaidi ya robo ya pato lake. Kaka na mkewe wanapata 180,000; mchango wake ni kama asilimia 13.

Kaka hakujitetea. Ana watoto wawili chuoni na nyumba ya kulipia, na sote tunajua. Aliuliza tu, "Robo?" Mdogo wetu akasema ndiyo. Kaka akasema kuanzia Machi yeye atatoa 2,500 kwa mwezi, na mdogo wetu ashuke kutoka 1,100 hadi 600. Mimi nibaki na 2,300. Hesabu inatimia 5,400 zilezile.

Naandika hili kwa sababu sitaki kulisahau. Tumeombana mchango kwa miaka mingi bila kutaja namba, tukiamini huo ndio ubinadamu. Kumbe aliyekuwa akilemewa kimyakimya ni yule mdogo zaidi, na adabu zetu ndizo zilizomfunga mdomo.

Jumapili, 22 Februari

Ramadhani imeanza wiki hii. Mama anataka kufunga. Asubuhi amekataa uji, akamwambia msichana wa zamu kwamba yeye si mtoto. Naye ana dawa za presha za kumeza. Wameniita. Nimekaa naye, nikamwambia mgonjwa ameruhusiwa, na kwamba anayeshindwa kufunga hulisha maskini badala yake, na hilo tumemfanyia. Amenisikiliza kama mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi, kisha akala vijiko vinne.

Baada ya saa moja alikuwa amesahau, na yakaanza upya. Kazi hii ndiyo inayoitwa usimamizi kwenye zile karatasi. Yule msichana ameifanya asubuhi nzima bila kupandisha sauti, na ana wazee wengine watano. Anayesema pale tunalipia chumba na chakula aje akae naye siku moja.

Jumamosi, 7 Machi

Mama Mdogo amepiga simu kutoka Kisauni. Goti limemzidi, sasa anatembelea fimbo, na msichana anayemsaidia anataka kuongezewa mshahara. Sote watatu humtumia fedha, kila mtu kwa wakati wake. Yeye ndiye aliyetulea Mama alipopangiwa shule ya mbali kule Kwale.

Nimetafuta kama naye anaweza kuandikwa. Sheria ya hapa inamtambua: dada wa mama ni jamaa wa karibu, na halazimiki kuishi nawe. Wamemtaja kabisa katika orodha ya ndugu. Lakini sharti lingine linamtoa: mtegemezi awe raia wa Marekani, au awe mkazi wa Marekani, Kanada au Meksiko. Mama Mdogo ni raia wa Kenya na anaishi Kenya. Kila shilingi tunayomtumia, mbele ya IRS, ni kama haikutumwa.

Nimewaza jinsi mstari huo unavyotukata. Mama akiamua kesho kurudi Kisauni, bado angehesabika, kwa sababu ana uraia wa hapa. Dada yake wa tumbo moja, chini ya paa lilelile, asingehesabika. Wote wawili wanahitaji mkono uleule.

Nyumbani nako? Nimemuuliza binti wa binamu yangu, mhasibu wa kampuni pale Mombasa. Amesema nafuu ya mtu binafsi kwenye hati ya mshahara ni shilingi 2,400 kwa mwezi, uwe unalea wazee wanne au huna hata mmoja. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kupata matunzo ya kutosha kutoka kwa familia yake na kwa serikali. Familia inajitahidi. Ningependa kuona siku hati ya mshahara ya Kenya itakapokuwa na mstari wa mzazi. Kijana wa Mombasa anayempa mama yake robo ya mshahara anaibebea serikali mzigo uliotajwa katika katiba, na hakuna karatasi inayomwambia asante.

Jumamosi, 14 Machi

Nimempata mtaalamu wa kodi aliyesajiliwa na IRS, mama wa Kikenya aliyeko Kent. Amesoma faili yangu karatasi kwa karatasi kabla ya kusema neno. Kisha akasema, "Faili hii imekamilika." Nimejisikia vizuri kuliko siku nilipopata leseni ya uuguzi.

Hesabu alizonifanyia:

Nilicholipa mwenyewe, kwa nyumba, dawa na miwani, ni 29,520. Haiwezi kuingizwa yote. Asilimia 7.5 ya kwanza ya pato langu lililorekebishwa hutupwa. Pato langu ni 96,000, kwa hiyo 7,200 zinakwenda. Zinabaki 22,320. Naongeza sadaka zenye risiti na kodi ya mauzo, ambayo sisi wa Washington huchagua kuiandika kwa kuwa jimbo halitozi kodi ya mapato kwenye mishahara. Hizo mbili ni 2,480. Jumla 24,800.

Upande wa pili kuna punguzo la kawaida, analopewa kila mtu asiyeorodhesha matumizi. Kwa asiye na mwenzi, mwaka 2025, ni 15,750. Unachagua moja, huwezi kuchukua yote mawili. Kwa hiyo faida yangu halisi ni tofauti yake, dola 9,050. Niko katika ngazi ya asilimia 22, basi kodi inapungua kwa 1,991. Zaidi ya hapo kuna dola 500 za mtegemezi asiye mtoto, ambazo hukatwa moja kwa moja kwenye kodi. Jumla 2,491.

Tumefanya pia hesabu za wenzangu, ili tuwe na hakika nani aandike. Kaka: asilimia 7.5 ya 180,000 ni 13,500, zinabaki 10,500. Hata akijumlisha na matumizi yake mengine ya 14,000, hafikii punguzo la kawaida la mke na mume, 31,500. Mdogo wetu: zinabaki 9,300, na punguzo la kawaida peke yake ni 15,750. Wote wawili wangepata zile 500 tu. Kwa hiyo mwaka huu ni mimi.

Ameniambia jambo moja linaloniuma. Ninayemwandika Mama naingiza nilicholipa mimi tu. Dola 24,000 za Kaka na 13,200 za mdogo wetu haziingii popote, wala kwangu wala kwao. Na kama wangekuwa wananirudishia mimi fedha badala ya kulipa nyumba moja kwa moja, ningelazimika kuzitoa kwenye hesabu yangu. Tumekuwa tukilipa kila mtu kivyake, na rekodi za benki zinaonyesha hivyo.

Nilimuuliza pia kuhusu wanaolelewa nyumbani na mtu asiye na leseni, kwa sababu dada wengi wananiuliza. Akanitajia kesi ya Baral, iliyoamuliwa na Mahakama ya Kodi mwaka 2011. Mwanamke mwenye dimenshia alihudumiwa nyumbani kwake na wasaidizi wasio na leseni, kwa agizo la daktari kwamba aangaliwe saa 24. Mahakama ilikubali dola 49,580 walizolipwa wasaidizi kuwa gharama ya matibabu. Ilichokikataa ni fedha za vitu vya matumizi ambazo hazikuwa na uthibitisho. Kazi ya mikono ilitambuliwa. Kilichokosa karatasi kilianguka.

Jumapili, 22 Machi

Idi imepita salama. Tumempelekea Mama mahamri na mbaazi, amekula na kuuliza nani amepika. Saini za Kaka na za mdogo wetu zimefika kwa posta. Karatasi zao zinakaa kwangu. Kwa IRS inakwenda Fomu 2120 peke yake, yenye majina na nambari zao.

Tumekubaliana kuhusu zile 2,491. Dola 1,000 ni nauli ya mdogo wetu aje amwone Mama kiangazi hiki. Hajamwona kwa muda mrefu kwa sababu ya fedha, na sasa sote tunajua fedha zake zilikuwa zikienda wapi. Zilizobaki ni za goti la Mama Mdogo.

Jumapili, 29 Machi

Baada ya darsa ya akina mama, nimezungumza. Sikuwa nimepanga. Dada mmoja alikuwa akilia kwamba watu wa kwao wanasema amemtupa baba yake kwenye nyumba ya wazee. Analipa dola 3,000 na zaidi kila mwezi kwa nyumba hiyo, na bado anaitwa aliyemtupa mzazi.

Nimemwambia mbele ya wote kwamba anayemtupa mzazi hajui bei ya dawa zake. Kisha nikamuuliza kuhusu kodi. Hajawahi kuandika chochote, kwa sababu baba yake alifanya kazi kiwandani hapa na ana pensheni ya dola 14,000 kwa mwaka. Aliambiwa pato hilo linamzuia. Kwa zile dola 500 kweli linamzuia. Lakini kwa gharama za matibabu, kikomo cha pato hakitumiki. Ikiwa yeye anatoa zaidi ya nusu ya matunzo ya baba yake na masharti mengine yametimia, anaweza kuingiza alicholipa. Na miaka iliyopita haijapotea yote: marekebisho yanaweza kupelekwa ndani ya miaka mitatu tangu siku ya kuwasilisha.

Nilimwambia aanze na karatasi za kumpima baba yake, kwa kila mwaka. Zisipokuwepo, hata hesabu nzuri haitasimama. Nilimpa namba ya yule mama wa Kent.

Wengine watatu walibaki baada yake. Mmoja anawalea baba na mama mkwe. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua. Hawa ni watu wenye kazi mbili, wanaolipa bila kuchelewa, wanaojinyima. Punguzo hili limewekwa kwa ajili yao, na linawapita kwa sababu kuuliza kuhusu fedha za mzazi kunaonekana utovu wa adabu. Adabu ya kweli ni kuhakikisha fedha za kumlea mzee zinadumu kadiri anavyoishi.

Jumatano, 15 Aprili

Leo ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha. Yetu ilikwisha kwenda mwanzoni mwa mwezi, ikapokelewa.

Nimewaandikia wenzangu utaratibu wa mwaka huu, nauweka na hapa. Kila mtu alipe nyumba moja kwa moja kutoka akaunti yake. Oktoba, Mama apimwe upya bila kuchelewa hata wiki, na nakala ije kwangu. Risiti za dawa zipigwe picha siku ileile. Na kila Januari tukae, tuangalie nani aandike. Kaka akiendelea na 2,500 huenda mwaka mmoja zamu ikawa yake. Ikiwa hivyo, mimi nitatia saini. Asibaki mtu anayedhani Mama ni wa mmoja wetu kwa sababu jina la mmoja liko kwenye fomu.

Jedwali nitalituma kila baada ya miezi mitatu. Aliyeliomba ni Kaka mwenyewe. Nimeongeza safu ya Mama Mdogo, ingawa hakuna fomu ya nchi yoyote itakayoiuliza: msichana wa kumsaidia, dawa za goti, chakula, nani ametuma na lini. Hapo awali alikuwa akipokea kutoka kwetu sote mwezi mmoja, na miezi miwili asipate kwa yeyote, kwa kuwa kila mtu alidhani mwenzake ametuma. Mei ni zamu ya Kaka, Juni ya kwangu, Julai ya mdogo wetu.